Mama Anasema Humezi

12 Januari

Mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tu wazima wa kujikongoja. Shemeji yako bado anatengeneza friji za watu huku letu likikoroma jikoni kama lina pumu, na ukimwambia anasema la nyumbani halina haraka. Mimi mapazia yananipa uhai. Kuna shule imeniletea kazi ya madirisha yote ya bweni, kitambaa cha kijani kisicho na mvuto hata kidogo, lakini kazi ni kazi. Jirani yetu muuguzi anakusalimia. Anasema kazini kwake hathubutu kusema anakufahamu, maana watamwomba namba yako mpaka wagonjwa.

Najua utacheka kwamba simu ninayo na bado naandika. Nikikupigia unaniambia uko kazini, halafu inakatika. Barua huwezi kuikata.

Salamu zimetosha, nije kwa Mama. Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia ndio huo umelala, na maneno yanatoka moja moja, lakini akili iko timamu kuliko yangu. Kilichotushinda ni chakula. Nilikuandikia mwaka jana kwamba hataki. Anafunga mdomo, anageukia ukuta. Nimepika laini, nimesaga, nimebembeleza, nimekasirika, nimeomba radhi kwa kukasirika. Muuguzi alifika mahali akaniambia nijiandae.

Sasa sikia. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye, bakuli mkononi, nimechoka hoi, nikawasha televisheni ili nisije nikalia mbele yake. Ukatokea wewe na hicho kipindi chako cha Maliza Sahani. Umevaa lile shati la maua, umefungwa kitambaa shingoni, mbele yako lundo la mbavu za kuchoma la kulisha kikosi cha askari, na saa ukutani inakukimbiza. Ukauma. Mama akakukazia macho mpaka ukameza. Kisha akanigeukia mimi, akafungua mdomo.

Alikula nusu bakuli. Wewe ukimeza, naye anameza. Ulipoinua mikono juu kwamba umemaliza na watu wakapiga kelele, akaniashiria kwamba basi, na yeye tayari.

Hajabadilika, ndiyo habari yenyewe. Unakumbuka kwamba Mama hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla wewe hujaanza. Mimi nilikuwa mlafi, hakuna aliyenisubiri. Wewe ndiye uliyekataa kila kitu, mbavu nje, ndipo jina la Kijiti likakuganda. Sisi tunakula, yeye anakuangalia wewe, chakula chake kinapoa. Basi sasa kila jioni ya siku za kazi, baada ya taarifa ya habari, tunakula watatu: wewe kwenye kioo, yeye kitandani, mimi na kijiko. Jumamosi na Jumapili anapita na maziwa huku akisubiri Jumatatu. Mashavu yameanza kurudi.

Kwa hiyo kula, mdogo wangu. Wenzako wanakutazama kwa kujifurahisha, sisi huku unatulisha. Na ukipata likizo, njoo akuone bila kioo.

Dada yako


9 Februari

Dada,

Shikamoo. Na shemeji mpe zake, umwambie friji likifa kabisa nitamtangaza kwenye kipindi. Muuguzi mwambie namba yangu anaweza kuigawa, maana siku hizi wanaonipigia wote ni watu wa mikahawa.

Barua yako ya Mama niliisomea kwenye gari la kazi, na mpiga picha akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata kazi ya pili. Nimefurahi mno, Dada. Sina namna nyingine ya kusema.

Huku ni mbio. Watu wanadhani nakula mara moja kwa siku, jioni, wanaponiona. Sisi tunarekodi mikahawa mitatu kwa siku moja, wiki nzima, halafu tunapumzika wiki mbili huku wao wakionyesha. Juzi tulikuwa nyuma ya maegesho ya malori, mkahawa wenye sheria yake: ukimaliza sinia la wali na kuku wawili kabla ya kengele, picha yako inapigwa na kubandikwa ukutani. Ukishindwa inabandikwa chooni. Nimekiona choo kile, kina watu wenye sura za heshima kabisa. Mtayarishaji wetu, mwanamke mfupi asiyecheka, ndiye mwenye kengele. Nilimaliza. Picha yangu iko ukutani, karibu na feni.

Likizo siioni karibu, Dada, usiniwekee matumaini. Na kama sauti yangu kwenye televisheni inakwaruza, ni mafua ya kuingia na kutoka kwenye viyoyozi.

Nikuulize. Mama anakaa umbali gani na televisheni? Na macho yake siku hizi yakoje?

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mapazia ya bweni nimeyamaliza na mwalimu mkuu amesema ni mafupi, kumbe ni yeye aliyepima dirisha akiwa amesimama juu ya kitanda. Shemeji yako amepata mteja mwenye bucha, kwa hiyo ananuka nyama lakini ana raha.

Umeuliza macho ya Mama. Yanaona sisimizi kwenye dari. Televisheni iko miguuni pake kabisa, nilimsogezea mimi mwenyewe. Sikujua kwa nini umeuliza, sasa nadhani nina sababu ya kukuuliza na wewe.

Wiki iliyopita, siku ile ya mayai na mikate, tumekaa kama kawaida. Ukauma, ukatafuna, ukacheka na yule mpishi mwenye kitambi. Mama mdomo wake umefungwa. Nikapeleka kijiko, akakitoa kwa ulimi. Kijiko cha pili hivyo hivyo. Mara ukaonyeshwa sahani nyeupe pee, umeinua kidole gumba, watu wanakubeba. Mama akasema, "Hamezi."

Nikamwambia, "Mama, si huyo amemaliza sahani nzima?"

"Hamezi," akasema. "Angalia hapa." Akajigusa kooni kwa ule mkono mzima.

Nimeangalia. Sioni kitu. Naona mdogo wangu anakula kama trekta. Lakini yeye kila jioni ni neno hilo hilo, na bakuli linarudi jikoni kama lilivyokuja. Nikasema nitamtegea: shemeji yako akapata mahali fulani vile vipindi vya zamani, nikamwekea kile cha mbavu. Akatazama kidogo, akasema, "Hiyo alikula wakati wa mvua. Leo amekula nini?" Kiharusi kimechukua mkono, hakikuchukua kumbukumbu. Ningefurahi kama ingekosea kidogo.

Jumapili nikakupigia ile simu ya picha, nikakuomba ule chochote mbele yake, hata ndizi. Ukasema mtandao mbovu. Mtandao haukuwa mbovu, nilikuona vizuri mpaka chunusi ya pua.

Kama umeanza kula kwa mapozi ya televisheni, nakuomba uache. Meza kwa kuonekana. Au uje mara moja tu, ukae kwenye kiti, ule sahani moja ya maharage mbele yake, uondoke. Sikuombi zaidi ya hapo.

Dada yako


30 Machi

Kijiti,

Sisi wazima. Hapana, Mama si mzima, na mimi nimechoka kuandika kwamba tu wazima.

Barua yangu umeipata, maana mtu wa posta amesema imesainiwa. Simu inaita mpaka inachoka. Kila jioni nakuona, umenona uso, unacheka na watu wasiokujua, halafu mimi niliyekufuta kamasi sipati hata ujumbe wa neno moja.

Magauni yake nimeyapunguza mara mbili. Muuguzi amejaribu kumpa maji ya sukari kwa bomba la sindano, akamng'ata. Tulicheka kidogo, kisha muuguzi akaenda kusimama nje. Mama anaendelea kuomba televisheni iwashwe. Anakutazama kipindi kizima, anatazama koo lako tu, jasho linamtoka, na kikiisha anafumba macho. Nimemwambia mimi nakula, aniangalie mimi. Nikala mbele yake mpaka nikavimbiwa. Akaniambia, "Wewe hujawahi kunitia wasiwasi." Sijui kama hiyo ni sifa.

Ukubwa umekuingia kichwani, basi. Umekuwa mtu wa kuombwa. Mimi sina kiburi, nimeshapiga magoti: njoo umlishe mama yako. Sina ninachoweza tena, nimejaribu vyote ninavyovijua na nimebaki na kijiko mkononi.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Ya pili nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Salamu kwa shemeji na kwa muuguzi, mwambie pole kwa kidole.

Mama hajakosea. Simezi.

Ilianza mwaka jana na mkate. Tonge linashuka vizuri, likifika kifuani linasimama, linakaa hapo kama mgeni asiyeaga. Nikawa nalisukuma kwa maji. Baadaye maji nayo yakaanza kusimama. Nikanyamaza, kwa sababu mtangazaji wa kula asiyeweza kula ana kazi gani? Mtayarishaji ndiye aliyenibaini, siku niliyokabwa na kipande cha kiazi. Hakunifukuza. Aliweka ndoo chini ya meza, upande wa kushoto, akashusha kitambaa cha meza mpaka sakafuni. Nauma, natafuna, natania watu. Mpiga picha anahamia kwa mpishi, au kwa saa. Mimi nainama. Akirudi kwangu shavu ni tupu na kidole gumba kiko juu. Wanaokaa mezani karibu ni watu wetu. Tumefanya hivyo tangu Februari, na nchi nzima inapiga makofi. Aliyeona ni mtu mmoja, naye yuko kitandani kwako.

Wewe ulikuwa mkubwa, uko shuleni, hukuona mambo yote. Nilikuwa naficha chakula shavuni, nikitoka nje nakitema nyuma ya karo la kufulia. Mama akagundua. Tangu siku hiyo hakuondoa macho kooni kwangu mpaka kishuke. Mimi sikuwahi kupenda kula, Dada, hata siku moja. Lakini alikuwa anakaa pale na sahani yake, ametoka kazini, njaa naiona usoni kwake, na hagusi. Nikajifunza kumeza ili mama yangu ale. Nikawa hodari wa kumeza. Watu wakaanza kusema huyu kijana anakula, wakanishindanisha na wenzangu, na nikafika hapa nilipofika.

Daktari ameingiza mpira wenye taa, ameona kilichoziba. Neno alilolisema silitii kwenye barua, isije ikaanguka karibu na Mama. Watanikata Juni. Kwa sasa nakunywa maziwa na mchuzi uliochujwa, nao kwa mashaka. Uso uliouona umenona ni dawa.

Ndiyo sababu ya simu, na ndiyo sababu siji. Nitakaa kwenye hicho kiti chako, utaniletea maharage, na yeye ataniangalia hapa. Nchi nzima nimeweza kuidanganya, lakini yule kwa umbali wa kiti kimoja siwezi. Nikishindwa mbele yake, hata maziwa hatagusa tena.

Mwisho wa mwezi huu namwachia kipindi binti mmoja mwenye kicheko kizuri. Yeye anameza kweli.

Usimwambie. Niko kwenye chumba cha wageni chenye kapeti ya kahawia, nimeandika ukurasa mzima na bado sijui nikwambie ufanye nini. Sijui, Dada.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakusalimia, nimemwambia yote, na jana amelitengeneza friji bila kuambiwa.

Barua yako niliisomea chooni, ndicho chumba chenye kitasa. Nililia na kufungulia bomba. Nilikuita mtu wa kiburi. Radhi sitaiomba kwenye karatasi, nitakuomba uso kwa uso, kwa hiyo jikaze kisabuni ufike siku hiyo. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa huku na huko, na siwezi kutoka huku kuja huko, kwa sababu nikimwachia mtu mwingine kijiko, hata hayo matone ya maziwa anayokubali hayaingii.

Yule binti tulimwona. Mama akauliza, "Nani huyu?" Akageukia ukuta. Nikazima.

Lakini kuna jambo limetokea na lazima nikuambie kama lilivyokuwa. Nilipotoka chooni siku ile, bahasha ilikuwa bado mkononi. Mama anaujua mwandiko wako hata ukiwa mlangoni. Akasema, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema jana alikula wali na kuku."

"Kuku gani?"

"Wa kuchemsha."

"Kipande gani?"

"Paja, Mama."

"Halafu?" Nikachukua kijiko, nikasema akachovya kwenye mchuzi, akatafuna, akameza, akaomba ndimu. Mama akafungua mdomo. Nakuapia, akafungua mwenyewe. Nikaendelea na paja hilo mpaka nikawa natafuna mifupa, nikaongeza kabichi, nikaishiwa uongo kabla uji haujaisha.

Kesho yake nikarudia. Akala kidogo, akakunja uso. Akasema, "Hayo maneno yako, si yake." Mimi uongo wangu ni mfupi, na wewe una namna yako ya kusimulia ambayo sina. Niandikie wewe, kwa mkono wako. Kwenye barua koo halionekani.

Najua ninachokuomba. Namwomba mtu asiyeweza kumeza maji anisimulie anavyokula. Kama ningekuwa na njia nyingine ningeitumia hiyo.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa wote, hasa friji.

Kwenye hicho kifurushi kilichokuja na hii kuna barua za Mama ulizoniomba. Nimeziandika zote kabla sijaingia hospitali, kwa sababu wameniambia nitakaa siku nyingi bila nguvu ya kushika kalamu. Kila bahasha ina tarehe yake juu, moja ya kila jioni, kuanzia tarehe mosi Juni. Zinaishia tarehe ishirini na saba. Kufikia hapo nitakuwa nimeamka, nitaandika nyingine.

Zisome polepole. Penye nukta, nimemeza, mpe kijiko. Usisome mbili kwa siku moja hata akikusihi. Jumamosi na Jumapili nimemwandikia pia, maana sasa sina mtayarishaji wa kunipangia siku za kula.

Kuna jambo limenishangaza. Nilidhani itakuwa mateso. Siku ya kwanza nilikaa na kalamu, nikaanza na kiazi cha kuchemsha, kikiwa na ganda, moto, chumvi kidogo. Nikafika kwenye kukimenya, na nikasikia njaa. Njaa ya kweli, Dada, ya kutoa mate. Katika umri huu wote sikuwa nimewahi kuisikia. Nilikuwa naisikia ya Mama tu. Nimeandika nyingi kuliko ulizoomba, nyingine nikazichana kwa sababu zilikuwa ndefu, hakuna mtu anayekula kiasi kile.

Wananikata tarehe tisa. Mtayarishaji ana namba yako, atakupigia yeye. Usinipigie mimi. Mama akiuliza mbona siji, mwambie nimepewa safari ya nchi za mbali, ambako watu wanakula sana.

Mdogo wako


11 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mwanao Kijiti sijambo, hofu yangu ni wewe. Mwambie Dada akuinue mgongo kidogo, asikulishe ukiwa umelala kama mtoto.

Leo nimekula kwa mama mmoja mwenye meza mbili tu na mwavuli. Hakuna kamera, nimekwenda peke yangu. Nimemwambia anipe anachokula yeye. Ameniletea maharage. Yameiva mpaka yamepasuka, yana kitunguu na nyanya, na mafuta yanaelea juu kidogo. Nimeanza na mchuzi wake kwa kijiko. Ulikuwa wa moto, nikaupuliza. Nikachukua kipande cha mkate, nikachovya, kikalainika. Nimekila. Kimeshuka vizuri. Nikachovya kingine, kikubwa zaidi ya hicho. Nacho nimekila. Yule mama akaniuliza kama nina haraka, nikamwambia sina. Nimekula polepole, Mama, kama ulivyokuwa unataka. Nikafika chini ya bakuli, ile sehemu nzito. Nimeikomba. Nikanywa maji. Yameshuka.

Sasa wewe. Nakuangalia.

Kijiti wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Sijui barua hii naituma wapi. Nitaandika jina lako juu ya bahasha, na mengine nitajua baadaye.

Mama anaendelea vizuri. Ningetamani uone. Ile ya maharage aliniomba nirudie, nikakataa kama ulivyoagiza, akaniita mchoyo, neno zima bila kukwama. Siku ya samaki alimaliza bakuli akafuta kingo kwa kidole. Magauni nimeanza kuyafumua yale niliyoyapunguza. Muuguzi anasema hajui ameona nini, na anakuja kila jioni kusikiliza, anakaa pale mlangoni na sare yake ya kazi. Mama anasimulia wageni kwamba mwanawe yuko nchi za mbali na anakula vizuri kuliko alipokuwa kwenye televisheni.

Mtayarishaji wako alinipigia tarehe tisa jioni, akasema imechukua muda mrefu lakini wamemaliza. Akapiga tena, akasema umelala, wamekulaza kwa mashine ili upumzike. Baada ya hapo nikipiga mimi anapokea mtu mwingine, anasema subiri, na nikisubiri inakatika. Kila jioni nimesoma umekula, na nikitoka chumbani nakaa jikoni nashika simu. Nimekuwa watu wawili, mmoja anajua umekula na mwingine hajui kama unapumua. Jumatatu shemeji yako akasema imetosha, akapanda basi kuja huko.

Leo amefika. Amenipigia jioni, bahasha ya mwisho iko mapajani, uji unatoa moshi. Akaniuliza niko wapi. Nikasema niko kwa Mama, ni wakati wa chakula. Akasema, "Mke wangu, weka hicho kijiko chini. Kaa kwanza."

Nikamwambia nimeshakaa, na kwamba Mama anasubiri. Nikakata. Nimeizima simu, iko juu ya kabati.

Nimemsomea. Ulikuwa umekula kiazi cha kuchemsha, kikiwa na ganda, chumvi kidogo. Kila penye nukta nilimpa kijiko, sauti yangu haikukwama hata mara moja, sijui ilitoka wapi. Amemaliza lote. Akaniambia niongeze, na nimeongeza, na hilo nalo amelimaliza.

Kisha akaniambia, "Mwandikie." Nikasema nitamwandikia kesho, Mama. Akasema sasa hivi. Amekaa kwenye mto, uso umejaa, ananikazia macho mkononi kama alivyokuwa anakukazia wewe kooni. Kutoka pale hawezi kusoma, anaona kalamu inavyokwenda tu, na nikisimama kidogo anauliza kuna nini. Kwa hiyo naendelea. Naandika chochote kinachokuja, mradi mkono usisimame, maana nikimaliza itabidi niende kabatini.

Anasema nikwambie ameshiba. Anauliza kesho utakula nini.

Dada yako